Kontrola ya kujitengenezea kwa tangi la sikilidi wa Tanganyika (lita 240, Dar): nianze na nini, niache nini?

TangiLaKijitonyama

Habari wakuu.

Tangi ni la sm 120 × 40 × 50, yaani lita 240 likijaa. Ukitoa mawe na mchanga, maji halisi ni kama lita 200. Liko sebuleni, Dar, chumba hakina AC. Samaki ni Cyprichromis leptosoma kumi na wawili, jozi ya Julidochromis na kikundi cha Neolamprologus brichardi. Filta ni ya nje, ya kopo. pH ni 8.8 na joto la maji linacheza kati ya nyuzi 29 na 31.

Vifaa vilivyopo: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kuprogramu yenye Wi-Fi), moduli ya rilei nne (swichi zinazoendeshwa na umeme) za 5 V, sensa mbili za joto za DS18B20 zenye kichwa cha chuma, sensa ya pH ya bei nafuu, swichi mbili za boya, feni mbili za kompyuta za 12 V zenye upana wa mm 120, na pampu ndogo ya 12 V. Programu ya bodi ni ESPHome, inaongea na Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, iliyoko kwenye kompyuta ndogo nyingine.

Nataka kontrola iwashe feni maji yakipata joto, ijaze maji yanayopotea kwa mvuke, iendeshe taa, iongeze dawa ya pH ikishuka, na inijulishe umeme ukikatika.

Kwa sasa kila kitu kinajaribiwa kwenye ndoo. Shida ni tatu. Bodi ikiwashwa, rilei mbili zinashika kwa nusu sekunde kisha zinaachia. Sensa moja ya joto mara nyingine inaruka inasoma 85. Na Home Assistant ikizimwa, bodi inajiwasha upya yenyewe kila baada ya robo saa hivi. Naomba maelekezo kabla sijaisogeza kwenye tangi lenye samaki.

---

FundiRilei

Mkuu, umefanya vizuri kuanzia kwenye ndoo. Nijibu hizo tatu kwanza.

Rilei kushika wakati bodi inaamka: umetumia pini zisizofaa. ESP32 ina pini inazozisoma yenyewe inapoamka (0, 2, 5, 12 na 15), na baadhi yake hupanda au kushuka kabla programu yako haijaanza. Isitoshe, moduli nyingi za rilei za bei nafuu huwaka pini ikiwa chini, si ikiwa juu. Hamishia rilei kwenye 25, 26, 27 na 33, weka `inverted: true` kama moduli yako ni ya aina hiyo, na `restore_mode: ALWAYS_OFF` kwenye kila swichi. Pini za 34 mpaka 39 ni za kusoma tu, usizitegemee kuendesha kitu.

85: hiyo ndiyo namba iliyomo ndani ya DS18B20 inapopata umeme, kabla haijapima chochote. Ukiiona katikati ya kazi, maana yake sensa ilipoteza umeme kidogo ikarudi. Angalia viungo vya waya, na hakikisha kuna rezista ya kilo-ohm 4.7 kati ya waya wa data na 3.3 V. Kwa waya mrefu unaopita mita 5, shusha mpaka 2.2 au 3.3. Ukiona −127, waya umekatika kabisa. Kwenye programu kataa namba yoyote iliyo chini ya 15 au juu ya 40. Usiishie kuikataa tu: zikija tano mfululizo, bodi ijue kwamba sasa haioni, izime hita kama ipo, iwashe feni na kupiga kengele.

Kujiwasha kila robo saa: ESPHome imewekwa hivyo. Isipoona mteja wa api (kwako ni Home Assistant) kwa dakika 15 hujiwasha upya, na ikikosa Wi-Fi hufanya vilevile. Weka `reboot_timeout: 0s` chini ya `api:` na pia chini ya `wifi:`. Usilichukulie hili kama usumbufu mdogo. Kama pampu ya kujaza maji ina kikomo cha "mara moja kila saa mbili", bodi ikijiwasha upya inasahau kwamba ilishajaza. Ruta ikiwa imezima usiku kucha, inaweza kujaza kila robo saa mpaka asubuhi.

Kwa sababu hiyohiyo, maamuzi yote yakae ndani ya bodi. Home Assistant iwe ya kutazama grafu na kubadilisha viwango, isiwe ndiyo inayoamua feni iwake saa ngapi.

Kuhusu umeme wa 230 V: lolote usilifanye kabla hujaweka RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliamp 30 kwenye njia inayolisha tangi. Mwite fundi mwenye leseni, na kitufe chake cha kujaribia ubonyeze kila mwezi. Kila waya unaotoka tangini ushuke chini ya soketi kisha upande, ili tone la maji lidondokee sakafuni na lisifuate waya mpaka kwenye soketi. Kasha la bodi likae pembeni na juu kidogo, kamwe si chini ya tangi wala juu ya mfuniko. Mvuke wa tangi pamoja na hewa ya pwani hula viungo vya solda kwa miezi michache. Waya mwembamba wa majaribio usipitishe 230 V hata kwa dakika moja. Tumia wa mm² 1.5.

Filta usiipitishe kwenye rilei kabisa. Kama ni lazima iweze kusimama wakati wa kulisha, ifunge kwenye mguu wa NC (unaopitisha umeme rilei ikiwa imelala), ili rilei ikifa au bodi ikizima filta iendelee kufanya kazi. Taa za LED zina hila yake: zikiwashwa, kapasita za chaja yake huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana, na ncha za rilei ndogo huungua zikagandana. Rilei imeandikwa 10 A, taa inakula 0.3 A, bado inaganda. Katiza upande wa 12 V au 24 V badala ya upande wa ukutani.

---

Kibirizi

Nianze na pH, kwa sababu ndiyo sehemu pekee kwenye mpango wako inayoweza kuua tangi zima kwa mchana mmoja. Ondoa dawa ya pH kwenye orodha ya kazi za kontrola. Ibaki ya kusoma tu.

Sensa ya pH hutoa takriban milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH, na mkondo wake ni dhaifu sana. Pampu yenye uvujaji mdogo wa umeme ndani ya maji inatosha kuisogeza nusu hatua. Hiyo ADC (sehemu ya kusoma volti) ya ESP32 yenyewe hainyooki, na nusu ya pini zake hazifanyi kazi Wi-Fi ikiwa imewaka. Tumia ADS1115, moduli ya nje ya kusoma volti, na isawazishe sensa kwa maji ya kipimo ya 7 na 10, si 4 na 7, kwa sababu tangi lako linaishi upande wa juu. Sensa huzeeka, kwa kawaida mwaka mmoja hadi miwili, na inapozeeka haifi ghafla, inadanganya polepole. Sasa fikiria kontrola iliyoamini uongo huo ikamwaga dawa usiku.

Ziwa Tanganyika lenyewe liko karibu na pH 9. Kwa pH hiyo na nyuzi 25, takriban asilimia 36 ya amonia yote iliyo majini iko katika umbo lenye sumu. Kwa pH 7 ni chini ya asilimia 1. Ndiyo maana kwa samaki hawa kupandisha pH ghafla kwenye tangi lenye amonia kidogo ni hatari kuliko kuiacha 8.4. Njia salama ni mchanga wa chokaa au matumbawe yaliyosagwa ndani ya filta, pamoja na baikaboneti ya sodiamu inayoyeyushwa kwenye maji ya kubadilishia kila wiki. Na iwe baikaboneti ya dukani. Magadi ya sokoni yana kaboneti ndani yake na yanapandisha pH kwa nguvu zaidi, pia kila bonge lina kiasi chake.

Joto sasa. Nyuzi 31 ni nyingi. Maji ya juu ya ziwa huwa kama 25 hadi 27. Kwa nyuzi 30 maji hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7.6 za oksijeni kwa lita, wakati kwa 25 ni 8.3, na samaki mwenye joto anahitaji zaidi, si pungufu.

Feni zako mbili zinatosha kwa kiasi fulani. Lita moja ikigeuka mvuke inaondoka na kilojuli 2,400 hivi. Kwa lita 200 hiyo ni karibu nyuzi 3, kama hakuna joto jipya linaloingia. Lakini linaingia muda wote, kutoka chumbani, kwenye taa na kwenye pampu, kwa hiyo tarajia kushuka nyuzi 2, na siku zenye unyevu mwingi hata moja tu. Zielekeze feni zipulize kwa mshazari juu ya maji, si wima kuelekea chini, na mfuniko wa kioo uondoe uweke wavu. Ukiacha mfuniko, hewa iliyoshiba mvuke inazunguka palepale na feni inafanya kazi bure.

Viwango: ziwake 27.5, zizime 27.0. Ukitumia namba moja tu, feni zitawaka na kuzima kila sekunde kumi sensa inapocheza. Feni ziendeshe kwa MOSFET (transista inayotumika kama swichi), si rilei. IRLZ44N inafunguka kwa 3.3 V ya ESP32. IRFZ44N, inayofanana nayo kwa sura na huuzwa kwenye kapu moja, haifunguki vizuri kwa volti hiyo, inapata moto. Weka rezista ya kilo-ohm 10 kutoka kwenye geti (mguu wa MOSFET unaopokea amri) kwenda ardhi, na dayodi ya 1N4007 kinyume kwenye kila feni au pampu.

Sensa mbili za joto usiziweke pamoja. Moja karibu na bomba la filta linalorudisha maji, nyingine kona ya mbali. Tofauti ikizidi nyuzi 1.5 kuna jambo: ama sensa moja imeingia maji, ama mzunguko wa maji umekufa. Kwa njia hiyo unaigundua filta iliyoziba bila kununua sensa ya mtiririko.

---

TangiLaKijitonyama

Asanteni sana, wakuu. pH nimeifuta, itasomwa tu. Pini nimehamisha, rilei zimetulia.

Maswali mawili yamebaki. Kujaza maji: boya moja litoshe au mawili? Na umeme ukikatika saa tano au sita, kitu gani kiendelee kufanya kazi kwa betri?

---

PwaniTangi (Mombasa)

Kujaza maji ndiko kunakoleta mafuriko sebuleni, kwa hiyo anza na hesabu kabla ya waya. Uso wa maji yako ni 120 × 40, kwa hiyo sentimita moja ya kina ni lita 4.8. Dumu la lita 20 likimwagika lote tangini litapandisha maji sentimita 4.2. Acha sentimita 5 kutoka ukingoni na tumia dumu hilohilo, basi hata kila kitu kikigoma hakuna tone litakalofika sakafuni. Kamwe usiunganishe bomba la nyumba moja kwa moja na tangi, hata kwa vali nzuri namna gani.

Pampu yako kama ni ile ndogo ya lita 240 kwa saa, inatoa karibu lita 4 kwa dakika. Hiyo ni kasi mno. Bora pampu ya kukamua mrija, ile yenye magurudumu yanayobana mpira, inayotoa kama mililita 100 kwa dakika. Makosa yake ni madogo kwa sababu ni taratibu, na maji hayafyonzeki yenyewe inaposimama kwa kuwa mrija umebanwa. Ukibaki na ile ya kasi, mdomo wa mpira ukae juu ya maji, sentimita mbili tatu, usizame. Ukizama na dumu likiwa chini, pampu ikizima maji ya tangi yatarudi kwenye dumu. Dumu likiwa juu kuliko tangi, maji yataendelea kuja pampu ikizima, hata mdomo usipozama, kwa hiyo dumu likae chini.

Maboya ni mawili. La chini ndilo linaloiambia bodi kwamba maji yamepungua, na bodi isubiri sekunde 10 za jibu lisilobadilika kabla ya kuwasha. La juu, sentimita 2 zaidi, lisipite kwenye bodi. Lipitishe kwenye waya wa koili ya rilei ya pampu, ili maji yakifika pale pampu ikatike hata kama programu imeganda. Usilipitishe kwenye mkondo wa pampu wenyewe kwa sababu swichi hizi za boya ni ndogo ndani na hugandana.

Kila boya livishe kipande cha bomba la PVC chenye matundu. Konokono akipanda juu ya boya analishikilia chini, na kontrola inaamini kwamba maji yamepungua. Mwani nao hufanya hivyohivyo, ila polepole. Litoe ulifute kila unapobadilisha maji.

Kwenye programu weka kikomo: pampu ya kukamua isizidi dakika 15 kwa mkupuo, na isirudie kabla ya saa mbili. Ikifikisha kikomo na boya bado linadai maji, isijaribu tena. Ijifunge na kupiga kengele. Ama dumu limekauka, ama boya limekwama.

Maji ya dumu yaondolewe klorini kwanza. Mvuke hauchukui chumvi, kwa hiyo ukijaza kwa maji ya kisima yenye chumvi nyingi, chumvi hurundikana. Maji safi ya mvua ni bora kwa kujazia, na kila wiki badilisha asilimia 15 kama kawaida.

---

FundiRilei

Umeme ukikatika, kipaumbele ni hewa. Hita, taa, hata filta zinaweza kusubiri kidogo. Oksijeni haisubiri kwenye tangi la nyuzi 29 lenye samaki wengi. Nunua pampu ya hewa ya 12 V, ya wati 5 hivi, na jiwe lake.

Hapa usitumie kodi hata mstari mmoja. Chukua rilei ya koili ya 12 V. Koili ipate umeme kutoka kwenye adapta iliyochomekwa ukutani. Chanya ya betri ipite fyuzi ya 2 A, iingie mguu wa COM (wa pamoja), itoke mguu wa NC kwenda kwenye pampu ya hewa. Umeme ukiwepo, koili inavuta na mguu wa NC unaachia. Umeme ukikatika, koili inalegea, NC inafunga, mapovu yanaanza. ESP32 ikiwa imeungua, mapovu yanaanza vilevile.

Betri ya 12 V 7 Ah ya asidi usiitumie zaidi ya nusu: hiyo ni Wh 42, kwa hiyo pampu ya wati 5 itafanya kazi karibu saa 8. Ichajiwe kwa 13.5 hadi 13.8 V ikiwa imekaa, na isikae juu ya chaja wala karibu na taa, maana joto hufupisha maisha yake. Pawabenki haifai kwa kazi hii bila kuijaribu. Nyingi hukata umeme mzigo ukiwa mdogo, nyingine huzima sekunde moja umeme wa ukutani unaporudi, na hiyo sekunde inaiwasha bodi upya.

Ili bodi ijue kwamba umeme haupo, chomeka chaja ya simu ukutani, pitisha 5 V yake kwenye rezista ya kilo-ohm 10 kisha 20 kwenda ardhi, na katikati yake utapata 3.3 V ya kuingiza kwenye pini. Bodi yenyewe ilishwe na betri kupitia kishushio cha volti, na rilei zipate 5 V yake peke yake, la sivyo zikivuta pamoja bodi inaweza kuzimika. Ujumbe wa simu hautatoka kama ruta imezima, kwa hiyo buza ya 12 V ni lazima. Ukitaka SMS kwa SIM800L, moduli ya laini ya simu, ilishe 4 V, si 5, na uweke kapasita ya 1000 µF karibu nayo. Inapotafuta mtandao huvuta hadi 2 A kwa mpigo.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, filta ya kopo usiiache ijiwashe yenyewe. Maji yaliyolala ndani yamekosa oksijeni na bakteria wameanza kufa. Fungua, mwaga yale maji, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Hapo kweli rilei ya filta ina kazi: umeme ukikosekana zaidi ya saa 3, bodi ivute rilei na kuizuia filta mpaka ubonyeze kitufe.

---

Limuru_Maji

Nyongeza kwa wasomaji wa huku juu, Limuru, Nairobi au Arusha, ambako hita ni lazima. Kwa lita 200, wati 100 mbili ni bora kuliko 200 moja: moja ikiganda ikiwa imewaka, haina nguvu ya kuchemsha tangi haraka. Kidhibiti joto cha hita yenyewe kiweke 27, kontrola 25.5. Kontrola ikigoma, hita inajizuia; hita ikigoma, kontrola inakata. Ila rilei ikiganda pamoja na kidhibiti cha hita hakuna kitakachoizuia, ndiyo maana kengele ya nyuzi 29 isipite kwenye rilei hiyo. SSR (rilei za kielektroniki zisizo na ncha zinazosogea) msizitumie kwa hita bila kikinga kingine, kwa sababu zikiharibika kwa kawaida hubaki zimewaka. Na hita zizimwe kabla ya kupunguza maji: kioo cha moto kikitoka majini hupasuka.

---

TangiLaKijitonyama

Mambo yamefunguka. La mwisho: saa. Bodi inapata saa kwenye intaneti. Ni sawa kwa taa na kilishio (kifaa cha kudondosha chakula cha samaki)?

---

Kibirizi

Kwa taa si vibaya sana, kwa kilishio hapana. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, bodi haina saa sahihi mpaka ipate mtandao. Ongeza DS3231, moduli ya saa yenye betri ya CR2032, inapotea kama dakika moja tu kwa mwaka. Programu iamini DS3231, na intaneti iwe ya kuirekebisha. Andika saa kwa mfumo wa 24: taa 10:00 hadi 20:00 zinatosha, zaidi ya hapo unalima mwani kwenye kioo.

Kilishio kwa hewa ya Dar kina adui mmoja, unyevu. Chakula cha unga hushikana mdomoni pa ngoma ya kilishio, siku tatu hakitoki kitu, ya nne kinadondoka chote. Tumia punje kavu za mm 1, jaza chakula cha siku tano tu, na elekeza mrija wa pampu ya hewa kwenye mdomo wa ngoma upulize taratibu. Ngoma isikae juu ya eneo ambalo feni zinasukumia mvuke.

Kabla hujahamisha kutoka kwenye ndoo, fanya jaribio la kung'oa. Ng'oa sensa moja ya joto, kisha zote mbili. Shikilia boya la chini kwa mkono mpaka kikomo kifike. Zima ruta usiku mzima. Chomoa umeme wa ukutani, kisha uchomoe na betri, urudishe umeme bila betri. Bonyeza kitufe cha kuwasha bodi upya pampu ikiwa katikati ya kujaza. Kila mara andika nini kilibaki kimewaka. Kikibaki kitu ambacho hungependa kiwake ukiwa safarini Kigoma, rudi kwenye waya kwanza, halafu ndipo uguse programu.